Siku Niliyopima Sharubati ya Ukweni

Sharubati mkinipa mbele za watu nainywa yote bila kuitazama, na leo nitawaambia kwa nini, mcheke mkitaka, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu huko bara, kichwa kimejaa kitabu kimoja kilichosema akili ya mtoto hupanda hatua kwa hatua, na kwamba aliye hatua za chini ukimhamishia maji yale yale kutoka chombo kirefu kwenda kipana, huamini yamepungua. (Kitabu hakikusema jambo hilo lisijaribiwe ukweni.) Wazee wangu walikuwa wameshapeleka posa ya Mwanaisha, na siku hiyo babake, Bwana Shee, aliniita nyumbani kwake Mkomani anitazame kabla hajatoa jibu.

Zikaletwa bilauri mbili za sharubati, zimejaa sawasawa, yangu na yake. Zena, mdogo wake Mwanaisha, mapengo matupu, akaja kuketi karibu yetu, nami nikaona hapa ndipo mkwe ajue anaozesha kwa msomi. Nikaomba bakuli, nikamimina sharubati yangu humo, nikamwuliza Zena nyingi iko wapi.

"Ya baba ndiyo nyingi," akasema, nami nikatabasamu kwa raha.

Bwana Shee hakutabasamu. "Bwana Mwalimu, wapima sharubati yetu? Umeona nimekupunja?"

Mwenye akili angeomba radhi akanywa. Mimi nikaanza kueleza, kwamba Zena hana kosa, bado yuko hatua ya chini, na nikaongeza (ulimi huu utaniua) kwamba hata watu wazima wengine hawazimalizi hatua zote, kisha nikainyakua bilauri ya Bwana Shee ili nimwonyeshe vizuri, ikaniponyoka, na sharubati yote nyekundu ikamwagikia kanzu nyeupe aliyoivaa kwa ajili yangu.

Nikajua mke nimemkosa. Nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

Ndipo nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Mwanaisha kwa mara ya kwanza: "Baba, msamehe. Mgeni bado yuko hatua ya chini."

Wanawake wote huko ndani wakaangua kicheko. Bwana Shee akajipangusa polepole, akasema, "Basi na arudi akikua."

Nilirudi baada ya Idi, nimenyamaza kimya, nikapewa mke. Lakini tangu siku hiyo mimi kupima akili ya mtu, basi, na hadi leo nikienda ukweni wengine wote hupewa bilauri, mimi Zena huniletea bakuli.