Kipandio cha Mama
Fundi wetu wa Riruta hugonga boneti kwa kiganja kabla ya kuifungua, kama anayebisha hodi. Ukimwambia kampuni ya Landrova nayo iunde gari dogo la kwenda sokoni, husonya. "Hiyo itakuwa Landrova gani? Hiyo ni kiatu ya ofisi!" Jumapili moja alikuja kutupeleka kanisani, na mama, aliyetoka kupasuliwa nyonga, akashindwa kupanda Landrova yake kuukuu.

"Gari yako ni ya watu wenye miguu mizima," mama akamwambia. Jumapili iliyofuata tulikuta amechomelea kipandio cha chuma chini ya mlango. Magari madogo bado anayacheka. Lakini kabla mama hajakanyaga, fundi huinama, akakipangusa kile kipandio kwa mkono wa shati lake la kanisani.