Ndengu za Mama Nyuma ya Mlango

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natazama chini, ingawa aliyenitia aibu siku hiyo hakunitamkia neno baya hata moja. Wewe uliyepanga chumba chako cha kwanza, ukanunua godoro na pazia lakini sufuria bado, keti nikusimulie.

Nilikuwa kijana wa kuuza petroli pale Mtito Andei, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Kwetu ni Kanyangi. Nilizaliwa mtoto wa kiume, na katika jiko la mama niliingia kwa mambo mawili tu: kuota moto, na kuuliza kama chakula kimeiva. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyeona kasoro, mpaka nilipojikuta peke yangu katika chumba cha mabati, na tumbo halitaki kuelewa kwamba mama yuko mbali.

Nilijaribu kupika, usidhani sikujaribu. Nilinunua jiko la makaa na sufuria, nikatia maharagwe makavu bila kuyaloweka, maji kidogo, chumvi nyingi, moto wa kuyeyusha chuma. Maji yakaisha. Maharagwe ya chini yakaungua, ya juu yakabaki magumu kama kokoto. Moshi ukajaa ploti nzima ya vyumba vya kupanga. Mbithi, mwenzangu wa kazi tuliyepakana vyumba, akaja mbio akidhani nyumba inateketea. Alipoona ni nini, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

“Mutua, wenzako hupata jiko kwa kuoa! Wewe umeenda kulinunua dukani?”

Kesho yake habari zilikuwa zimefika kazini. Madereva wa malori wakawa wakisimama kwenye pampu wananiuliza kama maharagwe yameiva. Utani tu, lakini kijana utani humchoma kama mwiba. Nikalisukuma lile jiko chini ya kitanda, nikaapa sitapika tena. Nikawa mtu wa hoteli. Asubuhi chai na mandazi, mchana nyama na chapati, jioni vivyo hivyo. Mshahara ukawa unayeyuka kabla mwezi haujafika katikati, na siku zilizobaki nakunywa maji nalala.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani. Mama alinitazama mbavu, akaniuliza, “Huko unakula nini?”

“Mwaitu,” nikamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, “maisha ya huko ni magumu. Kuna siku nalala njaa.”

Haukuwa uongo. Ila sikumwambia kwamba njaa yenyewe nilikuwa nikiinunua kwa pesa zangu. Mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima, na chakula pale nyumbani kilikuwa cha kupimwa kwa kikombe. Hata hivyo mama aliingia ghalani akatoka na gunia dogo la ndengu, zile choroko za kijani. Akaliweka miguuni pangu.

“Chukua. Ndengu hazina matata, hata hazihitaji kulowekwa. Upike kidogo kidogo.”

Nikalibeba. Nilipita nalo Ikutha, nikapita nalo Kibwezi, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumba changu, na hapo ndipo lilipokaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nikaiamini methali nikasahau gunia. Nguo chafu nikawa nazitupa juu yake.

Miezi ikapita. Mchana mmoja niko kwenye pampu namwekea mtu mafuta, nikaona mwanamke anashuka basi upande wa pili wa barabara, leso imejaa vumbi, anauliza watu njia. Alikuwa mama. Hakuwa amewahi kufika Mtito Andei maishani mwake.

“Kule kwetu mawingu yameanza kukusanyika,” aliniambia baada ya salamu. “Nimekuja unigawie zile ndengu kidogo nirudi nazo. Baba yako ametayarisha shamba. Zile nilizokupa, mwanangu, ndizo zilikuwa mbegu.”

Nikaanza kubabaika: “Umetoka mbali, Mwaitu. Twende kwanza ule pale hotelini.”

“Nile hotelini na mtoto wangu ana nyumba? Nipeleke kwako. Nitapika.”

Mbithi akanishikia kazi. Tukaenda, mimi mbele, na ningekuwa na njia ya kuirefusha ile safari ningeirefusha. Mama aliingia, akaangalia huku na huku, akaliona gunia lake. Akaziondoa nguo zangu moja moja, akazikunja, akaziweka kitandani. Kisha akalifungua na kutia mkono ndani.

Mkono ulitoka mweupe kwa vumbi. Wadudu wadogo wa kahawia walikuwa wakimtambaa vidoleni. Alikung'uta, akaokota ndengu moja, akalitazama lile tundu lililotobolewa katikati, akaiweka chini taratibu kama kitu cha mtu.

“Asi,” alisema kwa sauti ndogo, kama tusemavyo kwetu tukishangaa. “Hukupika hata siku moja?”

“Sijui kupika, Mwaitu.”

Nje malori yalikuwa yakipita, na mimi niliomba lipite moja lenye kelele zaidi nisisikie atakachosema.

“Ungeniambia hujui,” alisema, “ningekufundisha. Wewe uliniambia una njaa.”

Mwanangu, nimewahi kupigwa fimbo, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kukataliwa na msichana mbele za watu. Vyote hivyo vilipoa. Maneno hayo bado yana moto.

Alitandika leso sakafuni, akamwaga zote, tukaketi kuzichagua. Nzima upande huu, zilizotobolewa upande ule. Lile fungu la nzima lilikuwa dogo mno, hata sikuweza kulitazama. Akalifunga katika pembe ya leso, fundo likatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Kisha akasema, “Zilizobaki hazioti, lakini zinalika. Lete sufuria.”

Nikaingia chini ya kitanda nikalitoa lile jiko. Hapo ndipo nilipofundishwa. Mama hakupika, alikaa kwenye kitanda akaniamuru. Nikazitia ndengu kwenye maji mengi nikazikoroga, na zile zilizoliwa ndani zikaelea pamoja na wadudu. “Mwaga hizo. Osha tena. Rudia mpaka maji yawe safi.” Nikaweka maji ya kuzifunika na kuzidi kidogo. Zilipochemka akaniambia nipunguze makaa. “Moto mkali ni wa mtu mwenye hasira. Chakula kinataka subira.” Chumvi akanizuia nisiweke mpaka ndengu zilainike. Mbithi alirudi akanipa kitunguu, nyanya mbili, mafuta na unga, amevipitia dukani. Nikakaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kikabadilika rangi, nikatia nyanya, zikayeyuka, nikamimina ndengu na mchuzi wake. Kwenye ugali nilitoa jasho. Maji yachemke kwelikweli, unga uingie kidogo kidogo, mwiko usisimame, na ukiona unaachana na sufuria ujue uko karibu. Wangu ulikuwa na madonge. Mama aliukula.

Mbithi naye aliitwa, akala. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Aliuliza maji yanapimwaje.

Asubuhi nilimsindikiza mama kwenye basi akiwa ameshika lile fundo. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kumlipia nauli. Alinipiga begani tu, akapanda.

Mvua ilinyesha, si haba. Kuanzia hapo nilipika. Nikaungua, nikaunguza, nikazoea. Mshahara ukaanza kufika mwisho wa mwezi, na msimu uliofuata nikapeleka mbegu nyumbani, debe limejaa. Nilidhani nimelipa, mambo yamekwisha.

Miaka mingi baadaye, wazazi wote wawili wakiwa wametangulia, dada yangu Mwende aliniambia jambo ambalo hakujua lina uzito gani kwangu. Alisema: unajua mwaka ule wa ukame, wewe ukiwa Mtito Andei, baba alimgombeza mama mbele ya majirani? Baba aliuliza mbona mbegu ni za konzi, shamba limelimwa lote. Mama akajibu kwamba wadudu waliingia ghalani, yeye hakuangalia. Baba akamwita mwanamke asiyejua kutunza chakula. Majirani wakasikia. Mama akaliinamia jembe akapanda pembe moja ya shamba, sehemu iliyobaki ikaota magugu.

Niliinuka nikatoka nje. Mama yangu, ambaye hakuna aliyetunza ghala kama yeye, aliibeba aibu yangu kichwani kama mtungi, na hata tone moja halikumwagika likaniangukia. Na baba, ambaye hakujua kwamba mbegu zilipewa mimi, alikufa akiamini maneno yale. Sikuwahi kumwambia ukweli, maana sikujua kwamba kuna ukweli unaodaiwa.

Basi mwanangu, nisikilize. Kuuliza si ujinga. Kama hujui kupika, sema hujui. Usiseme una njaa, ukamfanya mtu akupe mbegu yake. Anza na vitu vya mahali ulipo: ndengu, ambazo hazina makuu, kunde na mbaazi, mahindi na maharagwe, uyaloweke kabla hujalala na kuyachemsha Jumapili ukiwa na nafasi, kisha ule siku mbili tatu kwa kuyakaanga kidogo kidogo. Sufuria moja, mwiko mmoja, jiko moja vinakutosha. Ukiunguza, kula sehemu isiyoungua, na kesho upunguze moto. Watakaocheka waache wacheke, kisha uwape sahani. Na ukitumiwa chakula na mtu wa nyumbani, kifungue siku hiyo hiyo. Kianike juani, kichanganye na jivu safi, kipike. Usikiweke nyuma ya mlango, kwa sababu hujui kimetoka kwenye chungu cha nani. Wewe mvulana, asikudanganye mtu kwamba mwiko utakupunguzia uanaume. Kilichonipunguza mimi ni kutoushika.

Na kama mama yako bado yupo, mwalike. Mpikie. Usingoje ujue sana, hata ugali wenye madonge ataula.

Mungu akupe chumba kisichovuja, makaa makavu na maji ya karibu. Akupe mikono isiyoona haya kufanya kazi, na mdomo usioona haya kusema ukweli mapema. Chungu chako kisikauke, mwanangu, na mtu asilale njaa ili wewe ushibe.