Kamera Mbili na Mkono wa Seremala

Wako watu watakwambia kamera ni kamera, mradi itoe picha. Ungethubutu kusema hivyo mbele ya Cheka Kidogo, ungetoka dukani kwake masikio yanawaka moto. Jina lake la kuzaliwa hata wateja wa zamani walikuwa wameshalisahau. Walimwita Cheka Kidogo kwa sababu kila aliyekaa kwenye kigoda chake aliambiwa maneno hayo hayo, awe mwanafunzi, awe bibi harusi, hata mzee aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, ambako kucheka ni marufuku.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Upande wa barabarani mkewe alishona, cherehani ikilia tangu asubuhi. Upande wa ndani palikuwa na taa, kitambaa cheupe ukutani, na kamera. Kamera yenyewe sasa! Nyeusi, nzito kama tofali, pembe zimechubuka mpaka chuma kinachungulia, raba ya kushikia imebandikwa kwa gundi ya viatu. Ilikuwa imeshatumiwa na mpiga picha wa gazeti kabla haijamfikia yeye, na kwake ikalisha nyumba na kusomesha watoto wote. Mkanda wake ulikuwa umemwachia alama shingoni.

Alichokipenda zaidi ni kitundu cha kuchungulia. Unafumba jicho la kushoto, unabandika la kulia, na watu wanakujia kupitia lenzi yenyewe, wazima wazima. Alikuwa na mtindo wake. Anamtafuta mtu wa katikati, anaiweka pua yake katikati ya kitundu, anasema "cheka kidogo", anabonyeza. Pembeni hakuhangaika napo. Alikuwa akisema pembeni panajipanga penyewe, jicho la fundi linapaona bila kupaangalia. Na kweli, miaka yote lilipaona.

Binti yake mkubwa, anayeuza simu na vifaa vya umeme, alipomletea kamera mpya ndogo, Cheka Kidogo aliigeuzageuza kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Kitundu kiko wapi?"

"Haina, baba. Unaangalia kioo hiki cha nyuma."

"Yaani niishike mbali na uso kama ninayeota moto?"

"Ni nyepesi, baba. Inaingia mfukoni. Na hata mkono ukitetemeka, picha inatulia."

"Nani kakwambia mkono wangu unatetemeka?"

Mkewe alicheka mpaka mshono ukaenda upande. "Pokea zawadi ya mtoto, wewe! Midomo tu."

"Nimepokea. Sabuni nzuri hii, iwekeni bafuni."

Ikawekwa kwenye droo ya meza, chini ya mikanda na betri zilizokufa, na hakuna aliyeitaja tena mpaka alipokuja mjane wa seremala.

Seremala yule alikuwa mtu wa mtaa huo huo, mrefu, mpole, mikono mipana. Ndiye aliyetengeneza kigoda cha dukani. Wakati wa likizo ya shule alimwita Cheka Kidogo nyumbani ampige picha na familia yake, na wiki chache baadaye moyo wake ukasimama akiwa kazini, randa mkononi. Maskini, hakuumwa hata siku moja. Watu walipotawanyika na nyumba ikapoa, mjane akaja dukani, macho yamevimba.

"Shemeji, ile picha yetu, hatukuwahi hata kuja kuichukua. Nataka aliyomo baba watoto, uikuze, niitundike. Hakupenda kupigwa picha yule bwana. Sina nyingine."

"Leo leo utaipata," akamjibu, akaketi kwenye kompyuta.

Akafungua ya kwanza. Watoto wapo, mama yupo katikati, pua yake pale pale inapotakiwa. Seremala hayupo. Akafungua ya pili, ya tatu, zote. Seremala alikuwa amesimama mwisho wa mstari kwa sababu ya urefu wake, na kamera ilikuwa imemkata. Kilichobaki ni mkono tu, mkono mpana umelala begani kwa mtoto mkubwa, umeishia kwenye kiwiko.

Mjane alikuwa amesimama nyuma yake, naye ameona.

"Yuko wapi?" akauliza. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliutazama ule mkono, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Cheka Kidogo alishinda akifungua kazi zake za karibuni. Loo! Shangazi wa bwana harusi kakatwa sikio. Mwalimu kakatwa nusu ya uso. Wanakwaya wa mwisho wa mstari hawamo kabisa. Mwenyewe alikuwa akizichapisha kwa kutazama sura ya katikati tu. Wateja walikuwa wamezipokea picha zile na kunyamaza, maana nani atamfundisha Cheka Kidogo kazi? Wakazipokea, kisha wakaenda kwa wengine. Kumbe ndiyo maana duka lilikuwa limepoa.

"Ni kamera," akamwambia mkewe. "Kioo cha ndani kimehama. Kitundu kinanionyesha hiki, picha inatoa kile. Leo nitalijua moja."

Akaitoa ile "sabuni" ya binti kwenye droo. Ukutani mkewe alikuwa na rafu ya nyuzi za kushonea, nyekundu mwanzo kabisa, njano mwisho, na rangi zote katikati. Akasimama mbele yake na kamera kubwa, akabandika jicho. Aliona ya kijani, ya bluu, nyeupe. Nyekundu hakuiona. Njano hakuiona. Akabonyeza, akatazama picha, na nyuzi zote zimo! Akachukua ile ndogo, akainyoosha mbele kama anayeota moto, na pale kwenye kioo cha nyuma rafu nzima ikamjia kiganjani, kuanzia nyekundu hadi njano.

Akarudia. Kubwa, akapoteza mwisho na mwanzo. Ndogo, akapata vyote.

"Umeona?" akapaza sauti, karibu acheke. "Si nilisema? Kubwa imekufa. Hii takataka ya mtoto ndiyo inayosema kweli!"

Nieleweni. Alikuwa ameipenda kamera ile kama ndugu, na siku hiyo aliomba kwa moyo wake wote iwe imekufa. Afadhali ife yenyewe kuliko kazi kumfia mikononi mwake. Akavuka barabara kwa fundi redio, anayefungua pia kamera, akajigonga bega kwenye mlango wa kibanda, akatukana mlango.

Fundi redio aliifungua, akamulika tochi, akapuliza vumbi, akachungulia kitundu, akapiga picha ya kibanda chake, akalinganisha.

"Kaka, hii nzima."

"Nzima vipi? Tazama pembeni!"

"Pembeni napaona mpaka kwenye kona. Ninachokiona ndicho kilichotoka."

"Basi wewe ndiye huoni! Redio umezishindwa, kamera utaziweza wapi?"

Fundi redio alimtazama akirudi, jinsi alivyompita jirani aliyemnyooshea mkono bila kumsalimia, jinsi pikipiki ilivyompigia honi akashtuka kana kwamba imemshukia kutoka mbinguni. Mtaani walikuwa wameshasema Cheka Kidogo siku hizi ana maringo, anapita watu kama miti.

Dukani mkewe alimnyang'anya kamera. "Lete nione mwenyewe." Akafumba jicho kama alivyomwona mumewe akifumba maisha yake yote. "Mbona naziona zote? Nyekundu ile pale. Njano ile pale. Hata kopo la mafuta ya cherehani lipo."

Kisha mama yule akaiweka kamera chini taratibu. Akakumbuka vikombe vya chai vilivyopinduliwa mezani, na yale mabega yasiyoisha michubuko.

"Mume wangu. Tazama uzi wa bluu. Usigeuze macho."

"Naangalia."

Akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akasogea ubavuni mwa mumewe, karibu kumgusa, akauinua.

"Nimeshika nini?"

"Umeshika? Kwani uko wapi?"

Yule mama alikaa sakafuni na mkasi wake, akaanza kulia.

Hospitali ya macho walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, wakampa kitufe. Atazame katikati, na kila akiona nukta ya mwanga popote, abonyeze. Kubonyeza, yeye! Kazi ya maisha yake. Akabonyeza mara chache, kisha akangoja. Akaendelea kungoja, kidole juu ya kitufe.

"Nesi, mashine imesimama?"

"Hapana, baba. Inaendelea."

Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, alisema, na huanza kula pembeni, taratibu, na ubongo unaziba pengo kwa kukisia, ndiyo maana mtu hajui. Kitundu cha kamera kubwa kinajaza jicho zima, ndipo kingo zinapotea. Kile kioo kidogo, ukikishika mbali, kinatosha kwenye tundu la uoni lililobaki.

"Nifanyie operesheni," Cheka Kidogo akasema. "Nipe miwani. Nipe chochote, daktari, mimi ni mpiga picha."

"Kilichopotea hakirudi, mzee wangu. Dawa ya matone itatusaidia kulinda kilichobaki."

"Mpaka lini?"

Daktari alisema watajitahidi. Kila mtu anajua maana ya kujitahidi.

Binti alimwambia, kwa nia njema, kwamba na ile ndogo anaweza kuendelea na kazi. Kweli anaweza. Na hapo ndipo roho ilipomchoma, maana kila alipoinua ile kamera ndogo aliona dunia yote imetimia, ndogo, kamili, kiganjani, na kila alipoishusha ilibaki tundu. Aliichukia. Aliichukia hata ile kubwa, kwa kuwa nzima. Alikaa nyuma ya pazia siku nzima akiwa ameipakata, na mkewe alimsikia akiiambia nisamehe, nimekusingizia.

Lakini mjane alikuwa bado hajajua. Alikuwa akisema mtaani, na haki yake, kwamba fundi yule alimdharau mumewe. Basi Cheka Kidogo akapiga moyo konde. Akaukuza ule mkono, begani kwa mtoto, akauchapisha, akaenda nao, mkewe akimshika kiwiko kama kipofu, maana sasa alikubali kushikwa.

Mjane alikuwa amekaa uani, kwenye benchi la mumewe. Cheka Kidogo alimweleza yote bila kujitetea, kamera, nyuzi, bakuli jeupe. Akaisogeza picha mbele yake.

"Sikumdharau, shemeji. Sikumwona. Wallahi sikumwona."

Mjane aliipokea picha. Akapitisha kidole juu ya vile vidole vipana.

"Siku ile nilimwambia asogee ndani kidogo," akasema. "Nilimwambia, baba watoto, utakatwa. Akanijibu, 'Tulia, fundi ananiona.'"