Siku Kumi na Moja Ambazo Mto Haukupimwa

Saa kumi na mbili asubuhi, mama aliyevaa koti la mvua la mumewe anashuka ngazi za saruji chini ya daraja. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umekumbatia daftari. Mbele ya ubao wa namba uliosimikwa majini anainama, anasubiri wimbi lipite, kisha anaandika: mita moja na sentimita arobaini na tatu.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, asubuhi na jioni. Mtaani wanamwita Mama Daftari.

Vipimo vyake humfikia mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu, dada mpole ambaye hata akija na viatu vya ofisini hushuka naye hadi majini. Mwalimu anatafuta namna ya kutabiri mafuriko kwa kalkulasi ya visehemu, hesabu inayobeba kumbukumbu ya siku zilizopita.

"Hesabu ya kawaida inauliza mto ukoje sasa hivi," anaeleza. "Hii inauliza na ya juzi, na ya mwaka juzi, maana ardhi iliyolowa haisahau haraka. Halafu kuna mitikisiko ya kubahatisha, mvua ya ghafla, gogo limekwama. Nayo tunaiingiza, hatuifuti."

Mwaka huu hesabu ilikataa kulingana na mto. Mwalimu akaja na mchoro. Mstari wote ulitetemeka, isipokuwa siku kumi na moja, miaka sita iliyopita. Hapo mto ulipanda sentimita mbili kila siku, kama uliopigwa pasi.

Mama alizijua siku hizo. Alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Mumewe, fundi viatu, hakuwa na wateja, na mama akaogopa kibarua chake kisiote nyasi. Alipotoka hospitali alijaza nafasi zote kwa kukisia, kabla daftari halijapelekwa ofisini mwisho wa mwezi.

"Nilijua nikisema, kazi imekwenda," anasimulia. "Lakini wajukuu zangu wanalala kule bondeni. Nikamwambia, mwanangu, namba hizo ni zangu, si za mto."

Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwomba azikate kwa mstari, aandike kwamba hakupima. Nafasi tupu, alimweleza, hesabu inaivumilia. Kumbukumbu ya uongo inaharibu kila siku inayofuata. Kisha akamsindikiza ofisi ya maji, akakaa kiti cha jirani mama alipokuwa akikiri, akamshikia mkoba.

Mama alipewa onyo la maandishi. Kazi akabaki nayo.

"Na miaka yote hii aliyeitwa mwongo wa nyumba ni mimi," mumewe anatania.

Sasa mama ameomba ofisi imkubali mumewe ashike zamu siku ambazo yeye mama hajiwezi, na ameshaanza kumfundisha. Juzi mzee aliacha miwani nyumbani, akasoma sitini badala ya tisini.

"Nimemwambia, baba, usipoona, andika hukuona," anasema mama, akifuta matone kwenye jalada. "Nataka nikiugua tena, niugue kwa raha zangu."