Nusu ya Bustani

Mbinya ni fundi wa nguo pale Mbumbuni, na fundi wa nguo hatupi karatasi. Gazeti la jana kwake ni mgongo wa blauzi ya kesho. Kazi yenyewe huenda hivi: unakunja karatasi katikati, unachora nusu ya kifua na nusu ya shingo, unakata, halafu unaifungua, na ile nusu nyingine inajitokeza yenyewe, sawasawa na mwenzake. Amekata hivyo kwa miaka ishirini na saba na hajawahi kukutana na nusu iliyomdanganya. Liweke hilo akilini, maana ndilo lililomponza, kama ni kuponzwa.

Karatasi anayoipenda kuliko zote ni ile nzito ya majarida, inayong'aa. Haichaniki upesi, na kola iliyokatiwa kwayo hutoka imesimama vizuri. Hiyo huipata mjini Salama, kwenye duka la vitambaa la Naila, mwanamke ambaye wazee wake walitoka pwani, na ambaye hununua majarida makuukuu kwa kilo ili afungie wateja mizigo yao. Januari ile, msimu wa sare za shule, Mbinya alifungua mzigo wa kitambaa cha kijani juu ya meza yake, akashika mkasi, halafu akauweka chini.

Ilikuwa picha ya bustani, kwenye karatasi iliyofungia mzigo. Njia ya mawe bapa ilianzia mlangoni mwa nyumba, ikapita kando ya chungu kikubwa chenye mmea wa majani marefu, ikapinda kuelekea kulia, na hapo ukurasa ukaisha. Ulikuwa umechanwa katikati ya jarida, penye pini za kushikia kurasa. Karibu na mpasuko kilikuwepo kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. Kilimpa mtazamaji mgongo na kuelekea huko huko kulia, kwenye nusu isiyokuwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amekikalia.

Sasa, kiti kilikuwa kinaangalia nini?

Mbinya ni mtu wa kutaka kujua. Aliigeuza karatasi, nyuma akakuta habari za rangi za ukuta. Akairudisha. Akaisogeza dirishani, utadhani mwanga ungemwonyesha kilichobaki Salama. Mwishowe akaibandika ukutani mwa kibanda chake cha kushonea, juu ya cherehani, na kola za siku hiyo akazikata kwa gazeti la kawaida.

Safari iliyofuata alimwuliza Naila kama nusu ya pili ipo.

"Mama Ndila, mwenzangu, hiyo nimeshamfungia mtu lesi," Naila alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Nani, sikumbuki. Lakini chukua haya mengine ya bustani, yamejaa tele."

Akachukua. Jioni, kazi ikiisha, aliyafungua moja moja, na kila ukurasa ukamletea maswali mapya. Mito ya kochi iko nje, je, mvua ikinyesha? Moto unawaka ndani ya bakuli la chuma, watu wamepanga viti kuuzunguka, na juu yake hakuna hata sufuria. Wanapika nini? Taa zimening'inizwa kwenye mti. Nani hupanda kuzifuta vumbi? Na mbona mahali pazuri namna hii hapana mtu? Alicheka peke yake mpaka uzi ukamponyoka. Lakini kila alipomaliza kucheka macho yalirudi kwenye kile kiti ukutani, na kicheko kikaisha.

Ilikuwa kwa sababu ya Nzomo.

Nzomo, mume wake, alikuwa dereva wa lori la machungwa, mtu wa sauti kubwa, aliyesalimia soko zima kutoka dirishani bila kupunguza mwendo. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimshika upande wa kulia. Maneno yalirudi, mguu ukarudi nusu, mkono ukabaki umelegea. Hospitali walisema waziwazi: atembee nje kila siku, la sivyo mguu utakauka ukiwa umekunjika, na ukishakauka hivyo hakuna wa kuunyoosha. Nzomo alitembea kutoka kitandani hadi kwenye kochi na kutoka kwenye kochi hadi kitandani. Pazia la sebule lilikuwa limefungwa mchana kutwa, kwa maana barabara inapita hapo hapo mbele ya ua, na kila aendaye sokoni huinua shingo na kuita, "Pole, Nzomo!" Mtu aliyeendesha tani saba hawezi kumeza pole ishirini kabla ya saa nne asubuhi.

Mchungaji alikuja kumsihi. Ndugu yake Mutisya alikuja. Ndila, binti yao, alipiga simu kutoka Machakos akilia. Wote Nzomo aliwajibu neno moja: "Nje kuna nini?"

Na ukweli ni kwamba nje hakukuwa na kitu. Ukambani mwanamke hupimwa kwa ua wake, na Mbinya alikuwa bingwa. Alifagia mpaka udongo ukabaki mwekundu, mtupu, wenye mistari ya ufagio, bila jani wala nyasi. Ulikuwa usafi wa kusifiwa kanisani. Lakini mtu hatoki ndani ya nyumba kwa mguu unaouma ili akatazame mistari ya ufagio. Hilo Mbinya alilielewa siku alipoiona ile picha, na lilimwuma kwamba amelielewa amechelewa.

Basi akaamua kuitengeneza ile bustani uani mwake. Nusu aliyokuwa nayo ilikuwa wazi. Nusu asiyokuwa nayo aliifikiria siku tatu, halafu fundi aliye ndani yake akampa jibu: kunja, fungua. Kushoto kuna kiti kimoja, chungu kimoja, na njia inayopinda. Kulia basi kuna kiti kimoja, chungu kimoja, na njia inayopinda kurudi. Kile kiti kinaangalia kiti chenzake. Ni nini kingine kingeweza kuwa? Alishangaa kwamba ilimchukua siku tatu.

Aliipeleka picha kwa Gedion, seremala wa pale sokoni. Gedion aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama Ndila, hii picha iko na mgongo peke yake. Mbele kwake kuko aje?"

"Mbele ni pa kukalia, Gedion."

"Na mikono?"

"Mkono wa kushoto ufanye mpana na imara, mtu aweze kujiinua nao."

Gedion alimwangalia, akaelewa ni kiti cha nani. Akachukua penseli. "Sawa. Kimoja."

"Viwili."

"Lakini picha iko na kimoja!"

"Hiyo ni nusu. Wewe ukishonewa shati huletewa mkono mmoja?"

Mawe aliyatoa mlimani kwa wilbaro, safari mbili kila asubuhi kabla ya kuketi kwenye cherehani. Ule mmea wa kwenye picha hakuujua jina wala hakuwa na maji ya kuulea, kwa hiyo akapanda kiluma, ule mshubiri wetu wa maua ya rangi ya chungwa, ambao haudai kitu. Upande wa barabara aliupanda kwa safu mbili, mkubwa, uliokwisha kukomaa, ili wapita njia watafute pa kuchungulia. Wifi yake, Wavinya, alikuja akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Sasa hapa utafagia aje? Na mawe yote haya? Na nyoka wakikuja?"

"Wakikuja nitawaambia uliwaulizia."

"Watu watasema umekuwa mchafu, Mbinya."

Hilo lilimchoma kidogo, siwezi kuficha. Aliinama akaendelea kupanga mawe.

Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikuwa anasikia mawe yakigongana. Siku ya kwanza Nzomo hakuuliza. Siku ya nne aliuliza kama wanajenga choo. Wiki ya pili Mbinya aligundua kwamba pazia, ambalo yeye huliacha limefungwa hadi mwisho, huachwa na upenyo wa vidole viwili. Alianza tu kufanya kazi mahali panapoonekana kupitia huo upenyo.

Viti vililetwa Ijumaa, na Jumamosi Mbinya alikwenda Salama kununua vifungo. Aliporudi alimkuta Nzomo kwenye kochi, mahali pake, amekunja uso.

"Kile kiti cha pili ni cha nani?"

"Kiko kwa picha."

"Picha iko na kiti kimoja. Nimeona."

Picha ilikuwa ukutani, kwenye kibanda cha kushonea. Na kibanda cha kushonea kiko nje, hatua kumi na tano kutoka mlango wa nyuma. Kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi, na hakuna aliyemshika mkono. Mbinya alitaka kupiga kigelegele. Akajizuia, kwa maana anamjua mume wake. Ukimshangilia tu, anarudi kitandani.

"Hiyo ni nusu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Nusu ile ingine iko na kiti pia. Vinaangaliana."

"Na huko atakaa nani?"

"Mwenye atakaa."

Nzomo alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, cheko la uchungu. "Si wewe. Wewe hukai. Tangu niwe mgonjwa sijakuona umekaa, isipokuwa kwa mashine. Unaniletea chai umesimama, unachukua kikombe umesimama. Naishi na mtu simuoni uso, naona tu aproni." Akapumua. "Unataka nitoke nikae huko kama kitu kimewekwa, ndio wewe uendelee na kazi."

Ilikuwa kweli, na Mbinya alijua. Aliyekuwa anapangiwa kutoka ndani alikuwa mmoja tu katika kichwa chake. Kiti cha pili alikuwa amekifikiria kama fundi, ili kazi ikamilike. Hakuwahi kujiuliza nani atakikalia.

Alivua aproni. Akaitundika kwenye msumari, akatoka, akapita kwenye mawe mpaka kiti cha mbali, akakaa. Kulikuwa na sare nane hazijatiwa vifungo. Kuku wa jirani alikuwa anaparura kiluma. Alikaa.

Mlango ulichukua muda mrefu. Kwanza ilitoka fimbo, halafu mguu mzuri, halafu ule mwingine, ukiburuta kidogo. Nzomo alisimama juu ya jiwe la kwanza akilijaribu kwa fimbo, akahamia la pili. Mbinya alishika mikono yake miwili mapajani ili isikimbie kwenda kumsaidia. Mawe yalikuwa kumi na sita, na yeye ndiye aliyeyapanga, lakini hakujua yalikuwa mengi hivyo mpaka saa hiyo. Nzomo alifika, akaushika ule mkono mpana wa kiti, akageuka, akajishusha. Kiti kililia kidogo kikamkubali.

Wakatazamana. Hapakuwa na la kufanya zaidi, viti vimeelekeana na barabara iko ubavuni, nyuma ya kiluma.

"Umekonda," Nzomo alisema.

"Na wewe umenona."

"Ni wewe unanilisha."

Huko barabarani mtu aliita, "Pole, Nzomo!" kwa mazoea tu, hata bila kumwona. Nzomo alijaza kifua. "Pole ni ya nini?" alinguruma kwa ile sauti yake ya lori. "Niko na bibi yangu!" Mpita njia akaongeza hatua, na Mbinya akaficha uso wake kwa mikono akicheka, na kulikuwa na machozi kidogo ndani yake.

Tangu siku hiyo saa kumi jioni ikawa ya viti. Kila siku mawe kumi na sita kwenda, mawe kumi na sita kurudi, na baada ya mwezi fimbo ikaanza kusahauliwa mlangoni.

Ikafika Aprili. Naila alikuja Mbumbuni kwa harusi ya jamaa, akapita kwa Mbinya na bahasha ya kaki. "Nimeipata, Mama Ndila! Mteja karudisha lesi haikumfaa, na karatasi ni ile ile." Lakini alipoitoa uso wake haukuwa na furaha nyingi. "Sijui kama utaipenda."

Mbinya aliipeleka pale kwenye viti, Nzomo akiwa kwenye chake, na kuiunganisha mapajani na ile nusu yake ya siku zote. Mipasuko ilishikana meno kwa meno. Njia ya mawe ilivuka ukurasa, ikaenda hatua mbili, ikaishia kwenye bwawa la kuogelea. Maji ya buluu yalienea mpaka pembeni. Hakukuwa na chungu, wala kiti cha pili, wala mtu.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, nusu ilikuwa imemdanganya. Alihisi aibu ya fundi aliyekata kitambaa cha mteja vibaya.

"Leta nione," Nzomo alisema, akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa kulia. Alizishika karatasi zote mbili, akazitazama polepole, akafuata njia kwa kidole kutoka mlangoni hadi majini.

"Kiti chako kiko wapi?"

"Hakuna. Kulikuwa na maji tu."

"Maji tu? Na huyu mwenye kukaa hapa?" Akagonga kile kiti chenye mgongo mrefu. "Anatoka kwake, anapita mawe yote haya, anakaa kuangalia maji peke yake?"

"Peke yake."

Nzomo alitikisa kichwa. Aliangalia bustani ya watu wale kwa muda, na ile buluu yake yote.

"Woi," alisema, na alisema kwa moyo. "Maskini."

Kisha akamrudishia Mbinya karatasi ili akakatie kola, na akauliza kama chai imebaki.