Kikwembe Changu Juu ya Tapis Rouge

Jamani, mnaocheka chekeni tu, maana Lubumbashi nzima ilishaniona na jipo, ile sketi ya ndani, nitamficha nani tena?

Mimi ni mshonaji, pale Kamalondo. Kazi ilikuwa imekauka kabisa, kila mtu anakimbilia nguo za dukani, atelier yangu ya kushonea imebaki kidogo tu ifungwe. Ndipo Nadine, yule dada wa sinema, akaniletea kitambaa nimshonee robe, gauni la kuzindulia filamu yake. Niliruka! Nikajua atapita juu ya tapis rouge, lile zulia jekundu, kamera zote kwake, waandishi wa habari watamuuliza nani kakushonea, atanitaja, na mimi nitapona.

Siku yenyewe nikajipamba, na hapo ndipo nilipojikoroga: kikwembe cha pili, kitenge cha kufunga kiunoni, nikakiacha nyumbani. (Kwetu mama anayejiheshimu anafunga vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine, lakini mimi nilitaka kutoka mwembamba kwenye picha, mnanijua.)

Nadine akashuka kwenye gari. Ile robe, wee! Wamama wakapiga vigelegele, wakaanza kufungua vikwembe vyao vya juu na kumtandikia apite, kama tunavyomfanyia bibi harusi, na mimi machozi yananitoka, furaha imenijaa, mkono ukaenda wenyewe kiunoni, nikafungua, nikatandika, nikaanza kucheza.

"Yaya Béa!" jirani yangu Georgette akanivuta (kwetu yaya ni dada mkubwa). "Kikwembe yako ingine iko wapi?"

Nikajitazama. Mungu wangu! Nimebaki na jipo ya ndani, niliyojishonea kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja, nyekundu hapa, maua pale, vurugu tupu. Nikainama niokote kikwembe, kumbe Nadine ameshakikanyaga, navuta hakitoki, na kamera zote zimenigeukia mimi.

"Mama, weye njo nani?" mwandishi mmoja akauliza, kicheko kimembana.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, lakini nikajiambia, Béa, ukikimbia sasa umekwisha. Nikashika kiuno.

"Miye njo nilishona ile robe! Atelier yangu iko Kamalondo, bote mukuye!" Nikawapungia mkono wote waje.

Nadine alicheka mpaka wanja ukamtiririka, akanikumbatia hivyo hivyo nilivyo, na picha ikazunguka kwenye simu za mji mzima.

Asubuhi yake watu wamejaa mlangoni. Nikafungua kwa mbwembwe, nikamuuliza mama wa mbele.

"Mama, unataka robe kama ya Nadine?"

"Apana, Yaya. Nataka ile jipo."

Nazishona mpaka leo, mashine haipoi, na ile robe iliyoninyima usingizi hakuna hata mmoja aliyeiulizia. Ila kutandika, nimeapa: nitapiga vigelegele tu, mikono juu, mbali na kiuno.