Asubuhi Niliyongoja Ukungu Uondoke

Wapendwa, mnisamehe mwandiko wangu mbaya na maneno niliyokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Kusimama kanisani mbele ya watu naona aibu, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nabeba mbao za misonobari hapa Nyololo, na Jumapili napiga ngoma ya kwaya. Siku moja ubao uliniangukia mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo, nikakifunga kitambaa nikaendelea na kazi. Kikavimba, kikatoa usaha, vidole vikawa vyeusi. Harufu yake ilinifanya nisile.

Mama akanipeleka hospitali Mbeya. Daktari akasema, "Pole, kijana. Tukikata sasa tutakata chini ya goti. Ukichelewa, siahidi."

"Naomba nikasali kwanza," nikasema. Tukarudi nyumbani.

Nikamwomba Mungu ishara: ukungu wa asubuhi ukiondoka, mguu wangu hautakatwa. Nikakaa mlangoni na blanketi. Saa nne jua likatoka. Nikapiga kelele, "Mama! Mungu amekubali!"

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakunitazama. "Mwanangu, ukungu hapa unaondoka kila siku. Hata kwa wasioomba."

Nikamwambia hana imani. Akaendelea kumenya, machozi yakidondokea viazi. Homa ikapanda hadi nikawa namwita kwa jina la marehemu baba. Niliporudishwa Mbeya, walikata juu ya goti.

Sasa nimepona, natembea kwa magongo. Rafiki yangu niliyekuwa nabeba naye hunitania, "We bwana, zamani ulibeba mbao, sasa mbao zinakubeba wewe!" Nacheka. Nikifika nyumbani nalia. Mguu ambao haupo bado unaniwasha.

Namshukuru Mungu kwa uhai, na mama, ambaye hajawahi kusema "nilikwambia". Nawashauri, daktari akisema, msikilizeni. Na mkiomba, mwachieni Mungu nafasi ya kukataa. Mimi siku hizi nasema, "Bwana, hiki nakitaka mimi. Wewe je?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Natamani kurudi kwaya, nipige ngoma nikiwa nimekaa. Sijui kama Mungu anataka, au ni mimi tu. Safari hii sijaomba ishara. Nimemwuliza mama, amesema niwaulize na ninyi. Tafadhali niandikieni, hata mistari miwili, hata kama jibu ni hapana.